Pambizoni mwa Daftari la Mahudhurio

Kwa karibu miaka minne, kuanzia Februari 2017 hadi Oktoba 2020, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi tulipotoka mstarini ilikuwa kuita majina. Nilikuwa monita wa darasa katika shule moja ya kata wilayani Newala, mkoani Mtwara, na daftari la mahudhurio, lile refu lenye jalada gumu lililochakaa pembeni, lilikaa mikononi mwangu kuliko kitabu chochote cha kiada. Kwa taratibu, daftari hilo ni la mwalimu wa darasa. Lakini mwalimu wetu ndiye aliyekuwa akifundisha Hisabati na Fizikia shule nzima, kwa hiyo aliniachia mimi niite, niweke tiki kwa aliyekuwepo na sifuri kwa asiyekuwepo, kisha yeye atie saini Ijumaa.

Sikuwahi kulisoma daftari hilo kama mtu asomavyo habari mpaka Septemba 2020, wiki chache kabla ya mahafali yetu, wanafunzi watatu tulipoteuliwa kuandika risala ya wahitimu. Risala za mahafali zina mtindo wake, na kila aliyesoma shule ya kata anaujua: mnamshukuru Mungu, mnamkaribisha mgeni rasmi, mnataja idadi ya mlioanza na mnaohitimu, mnaeleza mafanikio, mnaeleza changamoto za upungufu wa walimu wa sayansi, uhaba wa maji na kukosekana kwa uzio, halafu mnaomba mashine ya kudurufu mitihani. Mwalimu alitupa risala ya mwaka uliotangulia tuitumie kama kielelezo, akatufungulia kabati tuchukue madaftari ya zamani ya mahudhurio ili tupate idadi, nasi tukakaa nayo chini ya mwembe.

Tulikwama kwenye sentensi ya idadi. Tulikuwa tumeingia kidato cha kwanza tukiwa mikondo mitatu, A, B na C. Tulikuwa tunahitimu tukiwa mikondo miwili, nayo haikujaa. Risala ya kielelezo ililimaliza jambo hilo kwa maneno machache: wenzetu wengine walihama, wengine walikariri darasa, na wengine hawakuendelea nasi kwa sababu mbalimbali. Nilipoanza kunakili, msichana mmoja kati yetu watatu akanishika mkono akauliza, “Sababu mbalimbali ni zipi?” Sikuwa na jibu la haraka, nami ndiye niliyekuwa nimeziandika sifuri zote zile.

Sisi tulikuwa watoto wa elimu bila malipo. Ada ya shilingi 20,000 kwa wanafunzi wa kutwa katika shule za Serikali ilikuwa imefutwa Januari 2016, na sisi tuliingia mwaka uliofuata, wengi wetu tukiwa wa kwanza katika familia zetu kuvuka darasa la saba. Wazazi walibaki na sare, madaftari, jembe, fagio na ndoo. Ndoo ndiyo iliyokuwa kitu kikubwa. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na mtu akisimama pale Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma likiwa chini kabisa, na ng'ambo yake vilima vya Msumbiji. Maji nayo yako huko huko chini. Kwa hiyo tulifika shule tukiwa na madumu ya lita tano, na adhabu ya kuchelewa ilikuwa dumu la pili. Darasani Kiingereza kilituangukia ghafla, tukakariri maana ya neno “photosynthesis” kabla ya kujua kulitamka, lakini hayo yamekwisha kusimuliwa na wengi.

Kilichotupata sisi kwa namna ya pekee ni korosho. Msimu wetu wa kuvuna huanza Oktoba hadi Desemba au zaidi, na mitihani ya Taifa ya kidato cha pili na cha nne huja Novemba, kwa hiyo kila mwaka shule na mkorosho hugombea mikono ile ile. Msimu wa mwaka 2017 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani. Zilizagaa hadithi za wakulima wa kusini wanaonawa mikono kwa soda na kuwanywesha mbuzi bia. Mimi sikuona hata mmoja, ingawa niliona mabati mapya, redio kubwa za spika mbili, na pikipiki zikiwa bado na nailoni kwenye viti. Ninachokiamini hadi leo, na hili ni la darasa letu tu, silisemei Taifa, ni kwamba mwaka wa neema ulituondolea wavulana wengi kuliko mwaka wa njaa. Mwaka wa njaa mtoto hubaki shuleni kwa sababu hakuna pa kwenda.

Jirani yangu wa dawati, ambaye kwa makusudi nitamwita Jirani tu, alikuwa na akili ya hesabu ambayo sijaiona tena. Wazee wa kijijini kwao walimpelekea stakabadhi za ghala awasomee makato: ushuru huu, tozo ile, ya magunia, ya usafirishaji, hadi apate fedha halisi itakayoingia mkononi, naye alizifanya kichwani akiwa anamenya embe. Msimu huo mjomba wake alinunua pikipiki na kumkabidhi abebe magunia kutoka mashambani. Kwetu neno la mjomba si ombi. Jirani akaanza kuja siku tatu kwa wiki, kisha mbili. Siku alizokuja, nilimjua kwa shati: utomvu wa bibo, tunda la mkorosho, ukigusa kitambaa cheupe huacha doa la kahawia ambalo sabuni ya mche wala limau haiwezi kulitoa, na mikono ya shati lake ilikuwa imegeuka rangi mpaka kwenye kiwiko.

Siku asizokuja, niliweka tiki.

Sikuona kosa lolote. Aliniomba kwa kunong'ona siku ya kwanza, “Monita, nifiche leo tu,” na leo ile ikawa wiki, wiki zikapita mwaka mpya, tukaingia kidato cha pili nikiwa bado namfichia. Nilijiona rafiki mwema. Nilijua utoro wa siku 90 mfululizo unaweza kumfutia mwanafunzi jina, na kwa hesabu zangu za kitoto tiki zangu zilikuwa zinamnunulia muda mpaka msimu uishe, arudi, tuendelee.

Machi 2018 Mwalimu alisahihisha mtihani wa katikati ya muhula na kukuta jambo lisilowezekana: mwanafunzi ambaye daftari linasema hajakosa hata siku moja, hana karatasi ya mtihani katika somo lolote. Aliniita ofisini akanionyesha daftari upande mmoja na orodha ya alama upande wa pili, akanyamaza. Nilitegemea fimbo, na kwa kweli ningeipokea kwa shukrani. Badala yake aliniambia Jumamosi nivae viatu vya kutembelea.

Tulitembea karibu saa mbili kwenye mchanga mwekundu mpaka kwao. Mwalimu akabisha hodi, tukakaribishwa kwenye mkeka, nikamwamkia mama yake shikamoo, naye akaitikia huku akimtazama Mwalimu kwa wasiwasi, kwa sababu mwalimu hatembelei nyumba ya mtu kwa heri. Kwenye kamba nje lilining'inia shati la shule lenye weusi wa girisi kwenye vifungo vya mkono. Mwalimu alieleza kwa upole, na yule mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: “Mwalimu, mbona hamkutuambia mapema? Huyu kila asubuhi anaaga na sare yake. Sisi tulijua yuko kwenu, na kama hayuko, tulijua mtaleta habari.”

Habari ilikuwa haikuletwa kwa sababu daftari lilisema yupo. Nyumbani waliamini sare, shuleni waliamini tiki. Mwalimu hakunitaja mbele ya mama yule, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angenitaja. Jirani mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amepeleka abiria Newala mjini. Alirudi shule siku nne wiki iliyofuata, akakuta tumefika mbali katika Aljebra, siku ya tano hakuja, na kabla mwaka haujaisha jina lake lilipigwa mstari.

Tulipokuwa tunarudi siku ile, nilisubiri anivue umonita. Mwalimu alikuwa mtu wa maneno machache, na alichosema ni hiki: “Kuanzia Jumatatu, kila ukiweka sifuri, niandikie pembeni kwa penseli amekwenda wapi.” Kwa penseli, ili mkaguzi akija ifutwe. Basi pambizo za daftari langu zikaanza kujaa maneno madogo: maji, msiba, anauguza, sare haijakauka, palizi, kodi ya geto, korosho za bibi.

Nilijifunza kwa njia hiyo kwamba sifuri zina majira kama miti. Kuanzia Juni huja sifuri za salfa, kwa sababu mkorosho ukianza kuchipua na kutoa maua hushambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na salfa ya kuuzuia hupulizwa alfajiri wakati umande bado uko kwenye majani na upepo umetulia, saa zile zile ambazo mwanafunzi anapaswa kuwa njiani. Aliyepuliza akija shule saa nne, hahitaji kueleza: macho mekundu na harufu ya kiberiti kwenye nywele vinamsemea. Sifuri za kiangazi ni za maji, na nyingi ni za wasichana. Sifuri za Jumatatu ni za wanafunzi wa geto, wale wanaotoka vijiji vya mbali na kupanga chumba watatu au wanne karibu na shule. Ijumaa jioni hurudi kwao kuchukua unga wa muhogo na mbaazi, na kama nyumbani hakuna, hukaa mpaka kipatikane. Mwalimu alizisoma pambizo zile kila Ijumaa kabla ya kutia saini. Mara nyingi hakufanya lolote, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Lakini mara nyingine alimruhusu mtu achelewe bila adhabu wakati wa salfa, au alimwita mzazi wiki ya kwanza badala ya mwezi wa tatu, na wapo angalau wawili ninaowajua kwa sura waliohitimu nasi kwa sababu hiyo.

Nisijisifu kupita kiasi, kwa maana kuna sifuri niliyoiacha bila neno. Mwishoni mwa Oktoba 2018 wakulima wa huku walikataa kuuza korosho mnadani kwa bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000, na mwezi uliofuata Rais akaagiza Serikali inunue zote kwa shilingi 3,300, malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Sisi wanafunzi tuliyapungia mkono yale malori kama vile ni sherehe. Fedha zilipita kwanza kwenye uhakiki, na kwa wengine zilifika mwaka uliofuata. Msichana mmoja wa darasani kwetu, wa geto, alipotea majuma mawili mara tulipofungua shule Januari 2019. Niliona haya kumuuliza, maana umri ule mvulana kumuuliza msichana amelala wapi ni kujitafutia maneno. Pambizo ikabaki nyeupe, sifuri kumi zikasimama peke yake, jina lake likasomwa mstarini pamoja na watoro, akafyeka uwanja siku tatu. Baadaye sana nilijua kwamba mwenye nyumba alikuwa amewafungia mlango kwa kodi ya miezi miwili, na madaftari yake yote yalikuwa ndani. Alihitimu nasi. Ndiye yule aliyenishika mkono chini ya mwembe.

Kwa Jirani msimu ule ulikuwa mbaya zaidi. Mjomba alikuwa amezama kwenye kangomba, ananunua kwa watu wenye shida kabla ya mnada kwa bei ya kutupa, na uhakiki ulipoanza kuwauliza wenye korosho nyingi mashamba yao yako wapi, hakuwa na shamba la kuonyesha. Pikipiki ikauzwa. Mwezi ule ule wa Januari Jirani alikuja mpaka getini, akiwa amevaa suruali ya sare iliyomfika juu ya vifundo, akaambiwa alete mzazi na kwamba angelazimika kuanza upya kidato cha pili. Alisimama pale akitutazama sisi wa kidato cha tatu tukipita na viti vichwani. Hakurudi na mzazi. Baada ya muda akapata pikipiki ya mkataba, ya kupeleka hesabu kila siku hadi iwe yake.

Miaka miwili ya mwisho ilikwenda mbio. Aprili 2019 tuliambiwa tubaki nyumbani kwa sababu ya kimbunga Kenneth, kikatupita na kuipiga Msumbiji. Wasichana wawili waliondoka kwa ujauzito, na wakati ule hapakuwa na mlango wa kurudia. Ruhusa ya kurudi shuleni ilitoka Novemba 2021, sisi tukiwa tumekwisha maliza. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona na tukafungua Juni 29. Vipindi vya redioni vilikuwepo kwa mwenye redio na betri. Nilipoliita daftari siku ya kufungua, nilisikia ukimya katika majina ambayo hayakuwahi kukosa, na pambizoni sikuwa na la kuandika, kwa sababu hata wenzao wa kijiji kimoja hawakujua.

Hayo yote ndiyo tuliyoyakuta chini ya mwembe. Tuliandika aya nzima, tukataja kila aliyeondoka na sababu yake kutoka pambizoni, tukaiita “Wenzetu”. Mkuu wa shule aliisoma akaikata kwa kalamu nyekundu. Tulikasirika, mimi nilisema maneno ambayo monita hasemi. Akatuuliza swali moja: hao mliowataja, mmewaomba ruhusa kusomwa mbele ya kata nzima, wazazi wao wakiwa wamekaa kwenye turubai? Hatukuwa tumemwomba hata mmoja. Hata leo nadhani alikuwa na sababu nyingine pia, kwamba mgeni rasmi alikuwa anakuja kuombwa mabati na si kusomewa pambizo, lakini lile swali lake lilikuwa la haki. Alituachia sentensi moja, na tuliigombania kila neno: “Wengine hawakuendelea nasi kwa sababu ya msimu wa korosho wenye bei, na wengine kwa sababu ya msimu wa korosho usio na bei.” Ilipokuja kusomwa, wazee waliangua kicheko kirefu, kisha wakanyamaza kabla ya msomaji kuendelea.

Siku hizi, msimu ukifika, ninafanya ukarani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha ushirika. Naita majina ya wakulima, napima, naandika kilo. Mkulima aliyezoea kuleta magunia manane akileta mawili, namuuliza, na wenzangu huniambia kwamba swali hilo halimo katika fomu.

Mahafali yenyewe yalikuwa Oktoba, wazazi wengi wakichelewa kwa sababu ya kuokota korosho, na wengine wakija na vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Bibi yangu alifika juu ya pikipiki, amejifunga kanga mbili, na dereva alikuwa Jirani. Alikataa nauli. Alisimama nyuma ya turubai muda wote wa risala, kofia mkononi, na tulipotawanyika kwa ajili ya picha alikuja akanivisha taji la maua ya plastiki ambalo najua lilimgharimu hesabu ya siku nzima.

“Monita,” akasema, “leo umeniwekea tiki au sifuri?”

Nilimwambia daftari limekwisha rudishwa kabatini. Akacheka, akavaa kofia, akamsaidia bibi kupanda na kumwelekeza mahali pa kuweka miguu ili bomba la moshi lisimuunguze, kisha akageuka kuniuliza mtihani wa Hisabati ni tarehe ngapi.